Akiba haiozi, lakini unga huoza

SWALI: "Tuko watano nyumbani: mimi, mume wangu na watoto watatu, mdogo ana miaka miwili. Kipato chetu ni cha kutwa. Mwaka jana mume wangu aliumwa wiki mbili, ndipo nikajua maana ya kuamka bila kitu ndani. Nikaapa hayatajirudia. Nilisoma kwamba kila familia iwe na akiba ya chakula ya mwezi mzima, basi nikakopa, nikanunua gunia la kilo 50 la unga wa mahindi usiokobolewa, nikaliegemeza kwenye kona ya chumba tunacholala na kuwakataza watoto wasiliguse. Baada ya miezi 3 nimelifungua. Juu kuna wadudu, katikati unga ni mchungu, chini umegandamana na una ukungu wa kijani. Deni bado nalilipa. Jirani anasema kosa langu ni kutotia vidonge vya kuua wadudu. Mume wangu anasema akiba ya chakula ni ya wenye pesa. Mama mkwe anasema niuanike juani na kuupepeta, ukishindikana tuwape kuku. Je, mtu wa kuungaunga kama mimi anaweza kuwa na akiba? Nianzie wapi?"

JIBU: Dada, pole. Pole ya deni kwanza, kisha pole ya unga.

Mume wako amesema nusu ya kweli. Akiba ya namna uliyoifanya ni ya wenye pesa, kwa sababu mwenye pesa akipoteza gunia hununua jingine na maisha yanaendelea. Wewe huna nafasi ya kupoteza hata kilo moja, kwa hiyo akiba yako inatakiwa ijengwe tofauti kabisa na ile uliyoisoma. Tunasema akiba haiozi. Aliyeitunga methali hiyo nadhani alikuwa akifikiria fedha, si unga. Chakula huoza, na huoza kwa sababu zinazojulikana. Ukizijua, utaona kwamba gunia lako halikupatwa na balaa moja bali matatu yaliyokutana mahali pamoja.

Nianze na wadudu, maana najua ndio wanaokutia aibu mbele ya mama mkwe. Hawakutokana na uchafu wa nyumba yako. Uwezekano mkubwa uliwanunua pamoja na unga. Kwenye nafaka nzima, fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huliziba tundu. Unaweza kuishika punje hiyo mkononi, ukaigeuza na kuitazama, usione kitu. Wale wa kwenye unga hutaga mayai madogo yanayoshikamana na chenga, nayo jicho haliyaoni. Katika joto, yai huwa mdudu mzima kwa muda wa mwezi hivi au zaidi kidogo, na yeye naye huanza kutaga. Miezi 3 uliyowapa iliwatosha kupata watoto na wajukuu.

Uchungu ni habari nyingine. Ndani ya kila punje kuna kiini, sehemu ambayo mmea mpya huchipukia, na humo ndimo yalimo mafuta ya nafaka. Nafaka ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa. Ikisagwa bila kukobolewa, mafuta husambaa kwenye unga wote na kukutana na hewa, nayo hewa huyachachua. Hata ungeliweka gunia lile mahali pazuri kiasi gani, kwenye joto unga huo usingefika mbali sana kabla ya kuanza kuuma ulimi. Uliokobolewa hudumu zaidi kwa sababu kiini kimeondolewa, pamoja na sehemu kubwa ya lishe yake. Yaani ulichagua unga mzuri kwa mwili na mbaya kwa ghala. Endelea kuula, lakini uununue wa wiki mbili tatu, si wa miezi.

Ukungu wa chini ndio ulionishtua. Sakafu ya saruji inaonekana kavu, lakini hupitisha unyevu kutoka ardhini. Chumba cha kulala nacho kina watu wanaopumua usiku kucha, na mvuke wao alfajiri hutua kwenye chochote kilicho baridi, ukuta ukiwamo. Gunia likiegemea ukuta na kukaa sakafuni, hunywa maji pande zote mbili. Ndiyo maana maghala mazuri huwa na chaga, zile mbao zinazoinua magunia, na huacha nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta. Nyumbani hata matofali manne na ubao juu yake yanatosha.

Sasa vidonge, na hapa naomba unisikilize vizuri. Vidonge vya kufukiza nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo huua fukusi, na huua mtu vilevile. Haina dawa ya kuizima mwilini; daktari huweza tu kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake uhimili. Watu wamekufa usingizini kwa sababu gunia lenye kidonge lilikuwa chumba kimoja nao, na watoto ndio hutangulia. Hivi ni vitu vya maghala yaliyotengwa na makazi na vya watu waliofunzwa. Kama jirani yako ameviweka ndani, mwambie leo watu wote watoke humo, wafungue madirisha na milango kama wanaweza kufanya hivyo haraka wakitoka, na wasirudi kulala humo hadi wapate mtu mwenye ujuzi wa kuviondoa. Wasiviokote wenyewe wala wasivimwagie maji.

Majivu, pilipili kavu na majani ya kila aina nayo huulizwa sana. Majivu makavu husaidia kiasi kwenye nafaka nzima, kwa sababu hukwaruza ngozi ya mdudu hadi akakauka. Kwenye unga hayana kazi, na majani sijawahi kuyaona yakiokoa gunia.

Basi tujenge. Mashirika ya misaada yanapopanga chakula cha dharura huanzia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wakichanganya watoto na wakubwa. Usiogope neno kilokalori; ni kipimo cha nguvu ambayo chakula huupa mwili. Nitaligeuza kuwa vipimo vya jikoni. Gramu 400 za nafaka kama mchele hutoa kama 1,440. Gramu 100 za maharage makavu zinaongeza 340. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ni kama 250 au zaidi kidogo, na vijiko vichache vya chai vya sukari vinamalizia. Kwa watu watano, kwa siku, hiyo ni kilo 2 za nafaka, nusu kilo ya maharage na kikombe kidogo cha mafuta. Watoto wako wadogo hawatazimaliza, kwa hiyo kuna ziada. Maharage msiyaache mkasema nafaka inashibisha: protini ya nafaka ina pengo ambalo maharage hulijaza, na kwa mtoto anayekua pengo hilo lina maana. Na mafuta ndicho kitu watu husahau kuweka, ilhali gramu kwa gramu yana nguvu zaidi ya mara mbili ya mchele, na huchukua nafasi ndogo.

Mwezi mzima uachane nao kwanza. Lengo lako la kwanza ni siku 3. Kilo 6 za nafaka, kilo moja na nusu ya maharage, nusu lita ya mafuta, robo kilo ya sukari, chumvi. Basi. Utashangaa siku 3 zinavyobadili usingizi wa mtu.

Na hizo kilo 6 hazihitaji gunia. Tafuta chupa tano za plastiki za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu zenye kifuniko cha kuzungusha. Zioshe kwa sabuni, zisuuze, uzigeuze zichuruzike, kisha ziache wazi siku mbili tatu hadi usione hata tone moja kwenye mabega ya chupa. Kunja karatasi iwe kama faneli, mimina mchele, gongagonga chini ya chupa ili mchele ushuke, ongeza hadi shingoni, funga kwa nguvu. Chupa moja huingia kama kilo 1 na gramu 200. Tano zikijaa una kilo 6: ni siku 3 za familia yako, zimekaa kwenye rafu moja.

Siri ya chupa iko kwenye huko kujaa. Mdudu naye hupumua. Chombo kikiwa kimejaa na kimefungwa sawasawa, hewa iliyobaki kati ya punje ni kidogo. Mayai yakianguliwa, wadudu huimaliza oksijeni na kufa kabla hawajala cha maana. Chombo kikiwa nusu, au kikifunguliwa kila siku, hewa mpya huingia na wanaendelea na karamu. Ndiyo maana napendelea chupa ndogo nyingi kuliko ndoo moja kubwa: ukifungua moja, nne bado zimelala. Ubaya wake ni panya, ambao hutafuna plastiki bila shida. Zipange ndani ya debe au ndoo ya bati yenye mfuniko. Na usitumie kamwe chombo kilichowahi kubeba dawa ya shamba, mafuta ya taa au rangi, hata ukiambiwa kimeoshwa mara kumi. Plastiki hunywa vitu hivyo na kuvirudisha kwenye chakula.

Lakini chupa isiyopitisha hewa haitoi unyevu pia, kwa hiyo ukifungia nafaka mbichi umeifungia pamoja na ukungu wake. Pima kwanza kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia nafaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo kama vumbi la ukungu wa asubuhi, nafaka bado ina maji mengi. Irudishe juani, kwenye tandiko safi, tabaka jembamba, uigeuzegeuze. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unaweza kuhifadhi.

Na ukishaanika, subiri ipoe. Nakueleza hili kwa gharama yangu. Miaka mingi nyuma, nikijiona tayari najua kila kitu, niliyatoa maharage juani jioni yakiwa bado ya moto nikayafungia kwenye ndoo. Asubuhi yake nilikuta matone chini ya mfuniko, nikayafuta kwa kitambaa nikafunga tena. Baada ya wiki kadhaa nilipofungua, harufu ilinijibu kabla sijachungulia. Joto lililofungiwa lilikuwa limetoa mvuke, mvuke ukarudi kuwa maji, na maji yakaangukia maharage. Nilitupa ndoo nzima.

Pesa zitoke wapi? Si kwenye mkopo tena, tafadhali. Kila wiki unaponunua chakula, ongeza nusu kilo ya nafaka juu ya mahitaji, au maharage, au kichupa cha mafuta, kimoja tu kwa zamu. Wiki ikiwa mbaya, ruka bila kujilaumu. Kilo 6 za nafaka, kwa nusu nusu kilo, zinahitaji zamu 12 za nafaka. Ni polepole, najua. Kuna wanaotoa ngumi moja ya mchele kila wanapopika, kabla ya kuosha, na kuitia kwenye chupa. Ngumi ni kama gramu 50, na kwa mwezi inafika kilo moja na nusu. Njia hiyo ni nzuri kama sufuria yenu inashibisha. Kama watoto tayari wanalala na njaa, ngumi hiyo ni yao, isiende kwenye chupa.

Kuhusu kununua kwa jumla, hesabu si rahisi kama inavyoonekana. Tuseme gunia linakupunguzia sehemu 10 katika kila 100. Ukitupa sehemu 20, umelipa 90 kupata 80, ambazo rejareja ungezipata kwa 80. Na hapo sijahesabu riba ya deni. Gunia lina faida kama mtaligawana familia nne tano siku ileile, kila mtu akaondoka na chupa zake zimejaa.

Kosa kubwa kuliko yote katika barua yako ni hili la kuwakataza watoto wasiguse. Akiba isiyoliwa ndiyo inayooza. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi, kibandike kwenye chupa. Mpya ikae nyuma, ya zamani ije mbele, na hiyo ya mbele ndiyo mnayopika wiki hii. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kwa hiyo nunua vile mnavyokula kila siku. Mchele mweupe uliokauka na kufungwa vizuri hukaa zaidi ya mwaka bila taabu, lakini kwako hautakaa hata miezi 3, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maharage yakikaa sana kwenye joto hugoma kuiva hata ukichemsha mchana kutwa, na mafuta yakikaa kwenye mwanga huchacha, basi yafunike au yaweke kabatini. Sukari na chumvi hazina haraka, mradi zisinywe unyevu.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo orodha nyingi za akiba hulipita: moto na maji. Kilo za maharage bila kuni au gesi ni mapambo. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Utaokoa nishati nyingi. Ukitaka kuokoa zaidi, yachemshe, kisha ifunge sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kikapu chenye mablanketi au matambara mengi, yamalizikie humo kwa saa kadhaa. Ila usiharakishe hatua ya kwanza. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kuingia kikapuni, la sivyo mtatapika familia nzima siku ambayo tayari ni mbaya. Dengu huiva haraka zaidi, na kwa akiba ya dharura nazipenda kwa sababu hiyo. Maji nayo: lita 3 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 45 kwenu kwa siku 3, kwenye madumu safi yanayobadilishwa mara kwa mara.

Makopo yana nafasi yake, hasa siku moto ukikosekana, ingawa kwa bei ya shibe huwa ghali. Maneno "bora kabla ya" huzungumzia ladha na ubora. "Mwisho wa kutumia" huzungumzia usalama, hilo liheshimu. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu ya kula chuma au lililobonyea kwenye mshono, lisinunuliwe hata likiuzwa nusu bei. Na lisionjwe kupima, kwa kuwa sumu iliyomo huenda isiwe na ladha wala harufu.

Siku 3 zikitimia, sogea hadi wiki: nafaka kilo 14, maharage kilo 3 na nusu, mafuta lita moja na kidogo. Kisha wiki mbili, kama hali inaruhusu. Hapo mimi ningesimama, na najua wenzangu wengine hawakubaliani nami. Ulipoelemewa mwaka jana, chakula kilikuwapo sokoni. Kilichokosekana ni pesa. Chupa ya mchele haiwezi kulipia dawa wala nauli ya hospitali. Kwa hiyo baada ya wiki mbili za chakula, kile kidogo cha kila wiki kiende kwenye fedha. Chakula kina sifa mbili ambazo fedha haina: bei ikipanda chako kiko salama, na si rahisi kukopwa na shemeji.

Kwa huyo wa miaka miwili, uji wa siku ngumu uongeze kijiko cha mafuta, maana tumbo lake ni dogo na haliwezi kula wingi. Kama bado ananyonya, usimwachishe kwa ajili ya dhiki. Akianza kukonda, miguu ikivimba ukibonyeza ikaacha shimo, au akaharisha na kukataa kunywa, hayo si mambo ya akiba tena. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kama kuna aliyekula ule unga wa chini akapata macho ya manjano, kutapika kusikokoma au tumbo kujaa. Mwenye kisukari, mjamzito au mgonjwa wa figo apangiwe na mtaalamu wa lishe ana kwa ana, kwa sababu vipimo vyangu si vyake. Na ikiwa leo hii hakuna cha kula, usijenge akiba. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii au kwenye nyumba ya ibada iliyo karibu ukaombe. Ukiwa na nafaka ya shamba usiyojua kama imekauka, afisa ugani atakupimia kwa kifaa.

Tumalizie na lile gunia. Unga wa juu wenye wadudu tu, usio na ukungu, harufu mbaya wala uchungu, unaweza kupepetwa na kuliwa haraka. Haupendezi, lakini kwa kawaida hauleti madhara. Ila uchukue wa juu kabisa tu, uliokaa mbali na madonge ya chini, na ukiwa na shaka, uache. Mchungu utawasumbua matumbo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Wa chini, hapana. Ukungu wa aina hiyo waweza kutengeneza sumukuvu, sumu inayoliharibu ini. Jua halitaiondoa. Ungo hauitenganishi. Kupika hakuimalizi. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba kuku nao wana ini, na ng'ombe akila sumu hiyo sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unapoutoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Chimba shimo mahali ambapo kuku hawatapekua, uufukie wote, na gunia lenyewe usilitumie tena kwa chakula.

Chupa zioshe wikendi hii.